Konzi la Maharage ya Concezio

Siku moja kabla ya Mei mosi, Ersilia alikwenda makaburini kumsuta mumewe. Wajane wengine huenda na maua. Yeye alikwenda na kitambaa cha kufutia jiwe, na maneno yake.

"Umelala vizuri?" alimuuliza Concezio huku akisugua kinyesi cha ndege juu ya jina lake. "Lala tu, bwana mkubwa. Mimi goti linawaka moto, mvua inakuja, na mwanao amenijia kutoka Bologna na viatu vya mjini, anasema ataka kunisaidia. Unajua mwenyewe Loreta akisaidia inakuwaje."

Concezio hakujibu. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa majibu. Ungeweza kumpigia kelele kuanzia supu mpaka matunda, naye akainuka mezani akaenda shambani akiwa amesikia neno moja tu, na hilo si lile ulilolitaka.

Alizikwa Januari, udongo ukiwa mgumu hata wachimba kaburi wakauvunja kwa sururu kama wanaovunja benki. Na siku za mwisho, kule hospitalini Teramo, alimshika mkewe mkono wa sweta, akamvuta. Ersilia akainama, maana wanawake wengine waume zao wakifa huwaachia neno tamu la kulalia. Concezio akapumua, akasema: "Maharage. Mei ikiingia, yapande. Usimpe mtu."

Basi. Ndiyo mahaba aliyoachiwa.

Lakini kila alichoachiwa mjane ni chake, na Ersilia aliyashika maneno yale kama mtu anayeshika yai gizani. Maana maharage yenyewe hayakuwa ya kuchezewa. Yalikuwa meupe, kila punje na doa jekundu ubavuni, kama imeguswa na kidole kilichochovywa kwenye divai. Mama yake Concezio alikuja nayo kijijini siku ya kuolewa, yamefungwa kwenye ncha ya kitambaa cha kichwa, na tangu hapo hayakuota kokote ila kwenye kile kipande cha shamba chini ya ukuta wa mawe. Yakiiva yalikuwa laini kama siagi, na mchuzi wake ulikuwa mzito wenye utamu wa njugu ambao kijiji kizima kiliujua. Waliujua kwa kuonja tu. Concezio alikupa bakuli, tena lililojaa, lakini bakuli lililopikwa. Mbegu, hata punje moja, hakumpa mtu. Kila vuli alichagua mwenyewe zilizo nzuri, akazitia kwenye chupa ya kioo, zilizobaki zikaliwa. Mwaka ule zilizobaki ziliisha kabla ya yeye kuisha. Ikabaki ile chupa.

Ersilia aliificha kwenye kabati la stoo, nyuma ya chupa za siki, kwa sababu pale ndipo palipokuwa pakavu na wadudu hawafiki. Alikuwa amekwisha kuazimia: akirudi makaburini ataitoa, aiweke chini ya kitanda, kabla wanawake hawajaja.

Wanawake wangekuja kwa sababu ya supu ya Fadhila.

Mei mosi, katika vilima vile, hakuna nyumba isiyopika Fadhila. Msimu wa baridi ukishapita, mwanamke hufungua kabati lake na kulikomba mpaka ubao: maharage, dengu, adesi, njegere kavu, vipande vya tambi vya kila umbo vilivyosalia chini ya mifuko, mfupa wa mwisho wa paja la nguruwe. Vyote hivyo huungana na majani mabichi ya kwanza ya bustani, vya kale na vya sasa katika sufuria moja, kisha supu inagawanywa bakuli kwa bakuli, mlango kwa mlango. Kitu cha mwaka jana kikibaki kabatini, wanasema, njaa ya mwaka jana imebaki nacho.

Lakini nyumba yenye msiba haipiki. Majirani huja na vikapu kulizoa kabati lake, wakapika vya marehemu katika vyungu vyao, na kesho yake wakamletea mfiwa bakuli. Na kilichotoka kwenye kabati la msiba hakidaiwi. Ukikidai, kinarudi, lakini hakirudi peke yake. Kinarudi na jeneza la pili. Hili halikuandikwa popote wala padri hakulihubiri, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulivunja.

Ersilia aliporudi nyumbani, mvua ilikuwa imeanza kudondoka, nayo stoo ilinukia sabuni.

"Mama!" Loreta alitoka akijifuta mikono, uso umemwiva kwa kazi. Alikuwa mwanamke wa makamo sasa, mwenye mvi mbili tatu alizokuwa akizificha kwa rangi. "Njoo uone. Wamekuja mapema wakikimbia mvua. Nimewapa kila kitu kama ulivyofanya Bibi alipokufa. Nimetoa mpaka vya nyuma ya siki, kisha nikasugua mbao. Hakuna hata punje."

Ersilia aliingia. Kabati liling'aa kama kinywa cha mtoto ambaye hajaota meno.

"Vya nyuma ya siki," alisema.

"Kulikuwa na chupa ya maharage umeisahau. Nimeimimina kwenye kikapu, chupa nimeiosha hiyo hapo." Loreta alicheka kidogo. "Macho yako nayo, Mama!"

Ersilia aliikalia kreti ya mvinyo iliyokuwa mlangoni. Loreta akamtazama, kicheko kikamtoka usoni taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye sinki lililoziba.

"Yalikuwa ya nini?"

"Ya baba yako. Ya mbegu."

Loreta akaichukua ile chupa tupu, akaigeuza mkononi.

"Hukuniambia," alisema kwa sauti ndogo.

"Alisema nisimpe mtu."

"Mimi ni mtu, Mama? Mimi ni mtu tu?"

Ersilia akauliza lake. "Nani alikuja?"

"Nunziata, na yule mpwa wa Palmerina. Nani alichukua nini sijui, nilikuwa natoa tu." Loreta alikuwa tayari ameshika koti. "Nakwenda kuyaomba."

"Keti chini! Hujui nyumba ya msiba haiombi? Unataka kumzika nani mwingine, mimi?" Ersilia alijiinua, goti likalia. "Nitakwenda mwenyewe. Sitaomba. Nitatembea tu."

Kwa Nunziata mlango ulikuwa wazi na mvuke ukitoka nje kama treni ya zamani. Nunziata, mjane wa mwokaji mikate, alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa amekopa sufuria za nusu ya kijiji. Maana Fadhila haipikwi chungu kimoja tangu mwanzo. Anayefanya hivyo ni mvivu au ameolewa kutoka mbali. Kila punje ina tabia zake. Adesi ni kama msichana wa miaka kumi na saba, ukigeuka kidogo ameshaiva na ameharibika. Dengu ni mzee mbishi, utamchemsha mpaka kuni ziishe naye bado anakubishia jinoni. Kwa hiyo kila moja hupewa chungu chake na muda wake, na zote hukutanishwa mwishoni, zikiwa zimeshalainika tabia.

"Yesu wangu, Ersilia!" Nunziata alisema. "Mfiwa anatembea kwenye mvua. Umefukuzwa na bintiyo?"

"Nimekuja kuona kama umetia chumvi. Mwaka jana ilikuwa supu ya baharini."

"Mwaka jana ulikula mabakuli mawili!"

"La pili nilikuwa nahakikisha."

Huku akisema hivyo alifunua mfuniko wa kwanza. Adesi. Wa pili, dengu, zikirukaruka pamoja na ngozi ya nguruwe. Wa tatu, maharage. Akainama karibu, lakini yalikuwa ya kahawia, ya dukani. Akachota moja, akatafuna, akafunika.

"Hee! Unatafuta nini, shoga yangu? Nyumba ya msiba hainusi chungu, inasubiri bakuli."

"Nanusa tu. Pua haijafiwa."

Nunziata alimtazama sawasawa sasa, mwiko hewani. Hakuwa mjinga. "Kwenu mimi nilizoa tambi na dengu," alisema polepole, akijifanya anakoroga. "Maharage aliyachukua yule mpwa wa Palmerina. Nakwambia tu, usije ukasema nimekuibia tambi."

Ersilia alisema usiku mwema ingawa haikuwa hata magharibi, akatoka.

Nyumba ya Palmerina ilikuwa ya pili baada ya kisima. Miguu ya Ersilia ilikuwa haijakanyaga kizingiti kile tangu akiwa msichana. Palmerina ndiye aliyecheza dansi na Concezio kiangazi kizima kabla ya Ersilia kutokea, na watu walikuwa wamekwisha kuanza kuulizia shuka za harusi. Kisha Concezio, bila kusema kitu, kama kawaida yake, akaanza kupitia barabara nyingine. Palmerina hakuolewa na mtu. Na kila Mei mosi mabakuli yalikwenda na kurudi kati ya nyumba zile mbili, lakini yalipitia mikono ya watoto, ya majirani, ya mtu yeyote aliyepita.

Hayo yote Ersilia angeyasamehe. Yalikuwa ya kale, na tena yeye ndiye aliyeshinda. Lililomkaa kooni ni la Januari. Kule kaburini Palmerina alilia. Si kulia kwa heshima; alilia kwa sauti, alilia kuliko mjane, mpaka kichwa kikageuka kimoja baada ya kingine, na padri akasita katikati ya sala.

Alifika mlangoni. Taa ilikuwa inawaka jikoni. Alisikia mtu akivuta kiti, kisha maji yakimiminwa kwenye beseni. Aliinua mkono agonge.

Utasemaje? alijiuliza. Nipe mbegu za mume wangu? Yeye atasema, za mume wako? Atasema hivyohivyo, na lile tabasamu lake. Tena huruhusiwi kuomba. Tena kunanyesha.

Mkono ukashuka. Kesho, alijiambia. Kesho mchana kweupe ni afadhali.

Akarudi nyumbani akiburuza goti. Loreta aliuliza, "Umeyapata?" naye akajibu, "Nimejua yalipo," na wote wawili wakala mkate na jibini bila kutazamana.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, na juu ya mlima theluji ya mwisho ilikuwa nyeupe kama shuka jipya. Kijiji kizima kilinukia mnanaa, majani ya shibiti na mafuta ya nguruwe. Ersilia alivaa nguo nyeusi ya kanisani, akajipaka maji kwenye nywele, akaenda kwa Palmerina kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno.

Mlango ulikuwa wazi. Palmerina alikuwa peke yake mbele ya sufuria kubwa, mwembamba, ameinama, ameshika mwiko mrefu kama kasia. Mpwa wake alikuwa amekwenda kuchukua mkate.

"Ingia, Ersilia," alisema bila kugeuka.

"Umejuaje ni mimi?"

"Hakuna mwingine hapa anayetembea kama anaburuza kitanda."

Akageuka, na Ersilia akaona kitu ambacho hakuna aliyemwambia, au labda walimwambia naye hakutaka kusikia. Macho ya Palmerina yalikuwa na ukungu, yote mawili, kama dirisha la jikoni asubuhi ya baridi.

"Umekuja kunitukana au kuonja?" Palmerina aliuliza.

"Kuonja."

"Basi ulete tusi kwanza, utaonja baadaye. Kaa."

Ersilia hakukaa. Mezani palikuwa na lundo la majani yaliyooshwa, spinachi na figili na majani mapana ya bustani, njegere mbichi zilizomenywa, karoti zilizokatwa ndogondogo, vinyama vya mviringo vidogo kama gololi vilivyokwisha kukaangwa. Na kando ya sufuria kubwa, chungu cha udongo, kimefunikwa kwa sahani.

Palmerina aliuweka mwiko. "Ni yale," alisema. "Usihangaike kufunua."

"Yale yapi?"

"Ersilia, mimi ni kipofu nusu, si mpumbavu nusu. Mpwa wangu alinimwagia jana kwenye beseni pamoja na mengine, akasema ya nyumba ya msiba. Vidole vyangu haviwezi kuona doa. Nimeyalowesha kama ya dukani, nimeyaamkia alfajiri, nimeyachemsha na kitunguu. Nikatia moja mdomoni nione kama limeiva. Nikakaa hapo hapo ulipo wewe. Nimekula bakuli lake kila mwaka tangu niwe na meno yangu. Ulimi haukuhitaji kuambiwa."

Ersilia alikuwa amekwisha kuiondoa sahani. Alichota kwa upawa, akamwaga kwenye kiganja chake, mchuzi wa moto ukampitia vidoleni wala hakuusikia. Maharage yalikuwa yamejaa, yamepasuka ngozi. Yale madoa mekundu yalikuwa yameyeyukia majini, yamebaki kama kumbukumbu ya doa.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

"Hata moja hukubakisha? Hata lililoanguka sakafuni?"

"Kwenye Fadhila nani hubakisha? Sakafu nimefagia. Kuku wamekula." Sauti ya Palmerina ilikuwa kavu, lakini mikono yake ilikuwa inautafuta ukingo wa meza. "Niliwahi kumwomba, unajua. Konzi moja tu, nipande nyuma ya nyumba. Akaniambia mbegu za mama yake haziendi kwa mtu. Ningekuwa nazo leo, ungetoka hapa na mfuko."

Ersilia alijua ni nani aliyemfundisha Concezio kusema hivyo. Alikumbuka hata siku yenyewe, alivyosimama jikoni mikono kiunoni: mpe huyo mwanamke mbegu, uende ukalale huko zinakoota. Concezio alikuwa ameshakwisha kujaza konzi. Aliyarudisha kwenye chupa moja moja.

Aliyamimina yale ya kiganjani kurudi chunguni.

"Ungekuja jana jioni," Palmerina alisema, "yalikuwa kwenye maji tu. Yaliyolowa huota upesi zaidi."

"Jana nilikuwa na wageni."

"Jana ulikuwa mlangoni kwangu."

Ersilia akaufuta mkono wake kwenye nguo nyeusi.

"Nilisikia goti," Palmerina alisema. "Likaja, likasimama. Nikaacha kumimina maji, nikasikiliza. Nikasema moyoni, kama ana neno agonge. Mimi siendi kumfungulia mtu ambaye hajabisha. Ningefungua tu, Ersilia. Ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti. Nikakaa." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Sikujua yapo humu ndani. Lakini nilijua upo nje."

Sufuria kubwa ilitokota, ikarusha tone likaunguza jiko, tss. Hakuna aliyelifuta.

"Ulilia sana siku ile," Ersilia alisema mwishowe. Halikuwa neno alilokuja nalo, lakini ndilo lililotoka.

"Nililia."

"Kuliko mimi."

"Wewe ulikuwa na kitanda cha kwenda kulilia. Mimi nilikuwa na pale tu."

Kwa mara ya kwanza tangu Januari Ersilia alikosa hata kejeli ya kujikinga nayo. Akavuta kiti, akakaa, akalia, si kwa sauti. Alilia kama chungu kinachovuja, bila kusogea. Palmerina naye alisimama akimtazama kwa macho yasiyomwona, na hakumgusa, na ilikuwa vizuri kwamba hakumgusa.

"Inashika chini," Palmerina alisema baada ya kitambo. "Naisikia harufu. Mikono yangu haina nguvu ya kuigeuza, na yule msichana atakuwa amesimama na mvulana wa duka la mkate mpaka kengele ya mchana."

"Mfiwa haruhusiwi kugusa chungu."

"Mfiwa jana alikuwa anafunua vyungu vya Nunziata. Kijiji kizima kinajua. Shika mwiko."

Ersilia akainuka, akashika mwiko. Waliiunganisha pamoja. Palmerina alimimina kwa kugusa, Ersilia akakoroga kutoka chini kabisa, akikikwangua kitako cha sufuria: dengu kwanza, kisha adesi pamoja na maji yake, kisha majani yaliyochemshwa na kukamuliwa, karoti, njegere mbichi. Kilipofika chungu cha udongo, Palmerina alikinyanyua akakishika hewani.

"Niyaache nje?" aliuliza. "Naweza kukupa yote, ukayala peke yako. Ni haki yako."

Ersilia aliyatazama. Alifikiri kuhusu Concezio akiyahesabu kwenye chupa, akiyachagua kwa mwanga wa dirisha. Usimpe mtu.

"Nitayala mpaka lini?" alisema. "Mimina. Yatachacha."

Yakaingia. Palmerina akatia tambi zilizovunjika, vinyama vidogo, mwisho mnanaa na shibiti iliyokatwa. Supu ikawa nzito mpaka mwiko ukasimama wenyewe katikati bila kushikwa.

"Chumvi?" Palmerina aliuliza.

Ersilia aliionja. Ilikuwa hapo, chini ya mambo mengine yote, ule utamu wa njugu, umekwishaenda kwenye kila kijiko.

"Imetosha," alisema.

Mpwa alipoingia na mkate, nywele zimemvurugika, alikuta wazee wawili wamekaa kimya mbele ya jiko, wekundu wa macho, akadhani ni vitunguu. Palmerina alichota bakuli la nyumba ya msiba, kama desturi, akalifunika kwa kitambaa safi, akampa mwenyewe mkononi.

Nyumbani meza ilikuwa imeshajaa. Bakuli la Nunziata lilikuwa pale, na la mke wa karani wa posta, na mengine mawili. Loreta hakuwa amegusa hata moja. Kupitia dirishani Ersilia aliona kule chini ya ukuta wa mawe: udongo ulikuwa umetifuliwa upya, mweusi na laini, miti ya kupandishia imesimamishwa kwa mstari uliopinda. Viatu vya mjini vilikuwa mlangoni, vimeharibika kabisa.

"Nimeliandaa shamba," Loreta alisema. Hakuuliza. Alimtazama mama yake mikono, akaona bakuli tu.

"Hilo la nani?"

"La Palmerina. Bado lina moto. Kula."

"Umekwenda kwa Palmerina mwenyewe?"

"Kula, nimesema. Bakuli la msiba halibaki."

Loreta alikaa, akachota, akapuliza. Kijiko cha kwanza alikimeza kwa haraka, kama mtu mwenye njaa. Cha pili kilisimama mdomoni. Ersilia aliona taya la bintiye likiacha kutafuna. Loreta aliweka kijiko kando ya bakuli, polepole sana, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ni yake," alisema nyuma ya vidole. "Mama, ni yake. Nimeyatoa mimi. Nimeyatoa kwa mikono yangu mwenyewe na nikacheka."

"Hapana."

"Nimeyatoa mimi!"

"Wewe ulifanya desturi." Ersilia alivuta kiti, akakaa karibu mpaka magoti yao yakagusana. "Nisikilize, maana nitalisema mara moja, sina nguvu ya mara mbili. Jana jioni yalikuwa mazima. Yalikuwa kwenye beseni la maji, yanapandika. Mimi nilifika mlangoni, nikainua mkono hivi. Kisha nikarudi nyumbani kula jibini."

Loreta alimtazama bila kuelewa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu aliwahi kucheza dansi na baba yako."

"Lini?"

"Kabla hujazaliwa. Kabla sijamjua."

"Mama." Loreta alikuwa analia, na katikati ya kilio kitu kama kicheko kilimtoka, kibaya, cha kukwama. "Ukalishika hilo mpaka leo?"

"Mpaka jana jioni," Ersilia alisema.

Akakata mkate, kipande kikubwa kwa Loreta na kikubwa kwake. Akachukua kijiko cha pili mezani, akalisogeza bakuli katikati yao, wakala pamoja kutoka pande mbili, polepole, kila mmoja akitafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Walipofika chini, yalikuwa yamebaki maharage matatu kwenye mchuzi kidogo. Loreta alilisukuma bakuli kwa mama yake. Mama yake akalisukuma kwake.

"Wewe una meno," alisema.